Nenda na Daftari

Mwaka wa kwanza nilipoomba ufadhili wa kusoma Uingereza, niliandika insha zangu kama kijana anayeandika barua ya posa kwa binti asiyewahi kumwona. Niliisifu nchi yao, nikavisifu vyuo vyao, nikajisifu na mwenyewe. Nilisema nina shauku kubwa ya data, nikasema dunia ya leo inaendeshwa na taarifa, nikaahidi kurudi kuleta maendeleo. Hapakuwa na uongo hata mmoja mle ndani, na hapakuwa na sentensi hata moja ambayo mwombaji wa Lusaka au Lahore asingeweza kuiandika. Jibu lilikuja kwa baruapepe ya mistari michache: safari hii hapana. Usaili sikuitwa.

Mwaka uliofuata nilipata. Alama zangu za chuo zilikuwa zilezile, na kazi ilikuwa ileile ya karani wa ghala kwa mfanyabiashara wa jumla jijini Mwanza. Tofauti ni kwamba safari ya pili nilikwenda na daftari.

Nianze na daftari lenyewe, maana ushauri wangu karibu wote umo humo.

Tulikuwa tunapeleka sukari, sabuni, mafuta ya kula na betri kwenye maduka ya Ukerewe na visiwa vya jirani. Wiki hii wanapiga simu kwamba sukari imekwisha na wateja wanagombana dukani. Wiki mbili baadaye katoni zinarudi na boti hazijafunguliwa. Bosi alikuwa na programu ya hesabu iliyotoa ripoti kila mwisho wa mwezi, na ukiisoma ripoti hiyo ungedhani visiwani watu wanakula sukari kwa kupiga kura. Mzee alishakata tamaa: "Watu wa visiwani hawatabiriki." Siku moja nikapanda boti na mzigo, nikafika Ukara, nikamlalamikia mama mmoja mwenye duka karibu na mwalo. Alicheka kwanza, ndipo akanijibu.

"Mwanangu, ninyi huko mjini mnahesabu tarehe. Huku sisi tunahesabu giza."

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza taa huwavuta dagaa, wavuvi wakarudi alfajiri na mitumbwi imejaa. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, nyavu huanikwa, na pesa hukauka kisiwa kizima. Mwezi wa mbinguni huzunguka kwa siku 29 na nusu hivi, wa kalenda, ukiiacha Februari, una 30 au 31, kwa hiyo siku za giza hazikai tarehe moja. Husogea nyuma kidogo kidogo, kama Ramadhani inavyosogea mwaka hadi mwaka. Ripoti yetu ya mwisho wa mwezi ilikuwa inachanganya giza na mbalamwezi kwenye sufuria moja, kisha tunashangaa ladha haieleweki.

Nikanunua daftari la kawaida, nikapiga mistari. Safu ya kwanza tarehe, ya pili umri wa mwezi angani, ya tatu katoni zilizotoka, ya nne katoni zilizorudi. Baada ya miezi mitano huhitaji kompyuta kuona: mauzo yalikuwa yanapanda na kushuka kwa mpangilio safi kabisa, ila si mpangilio wa kalenda ya ukutani.

Kozi wanazoziita uchanganuzi wa data za biashara zinafundisha jambo hilohilo kwa zana nzito zaidi. Mwezi wa pili darasani, mhadhiri alipoanza kueleza namna ya kutenganisha msimu na mwelekeo ndani ya mfululizo wa namba, nilikuwa ninamwona yule mama wa Ukara amekaa mbele ya darasa. Utajifunza takwimu, utaandika Python au R, utauliza hifadhidata kwa SQL, utajifunza kupanga njia za magari na kiasi cha kuagiza ili ghala lisijae wala lisikauke. Mwisho, kipindi cha kiangazi chao, utaandika tasnifu, mara nyingi juu ya tatizo la kampuni halisi. Uingereza yote hiyo hufanywa kwa mwaka mmoja wa krediti 180. Ni mbio. Anayefika bila swali lake hupewa swali la mtu mwingine, na mwaka unaisha hajajua alichokuja kutafuta.

Kabla hujafungua tovuti yoyote ya ufadhili, basi, tafuta swali lako. Usiniambie kazini kwako hakuna data. Kama unafanya kazi SACCOS, kuna wakopaji wanaochelewa kulipa na wanaowahi, na kuna sababu ambayo meneja anadhani anaijua. Kama uko hospitali ya wilaya, kuna dawa zinazoharibika stoo huku wagonjwa wakitumwa kununua dukani. Wakala wa pesa za simu anajua siku gani salio la taslimu humwishia mchana. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mpaka leo kuna mawakala wanaokisia kwa kunusa hewa. Hata aliyesimamia duka la mjomba ana daftari la madeni. Chagua jambo moja dogo ambalo watu wanaokuzunguka wamelizoea kiasi cha kusema "ndivyo lilivyo". Anza kuliandika leo. Ukiwa na miezi sita ya kumbukumbu ulizozikusanya mwenyewe, umewapita waombaji wengi wenye alama kubwa kuliko zako.

Sasa tuje kwenye milango yenyewe.

Kwa Uingereza, ufadhili wa Chevening ndio unaojulikana zaidi. Ulianza mwaka 1983, unalipwa na serikali yao, na unagharimia ada, posho ya kila mwezi, tiketi ya ndege na maombi ya viza kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Wanataka uwe umefanya kazi miaka miwili, ambayo wao huihesabu kuwa saa 2,800. Kazi ya kujitolea na ya muda nayo inaingia, kwa hiyo usijitoe mapema. Utachagua hadi kozi tatu na kuandika insha nne: uongozi, kujenga mahusiano, sababu za kuchagua masomo hayo, na mpango wako wa kazi. Ukimaliza unarudi nyumbani na kukaa angalau miaka miwili. Dirisha hufunguliwa Agosti na kufungwa kati ya Oktoba na mwanzo wa Novemba. Soma tarehe ya mwaka wako kwenye tovuti yao rasmi, usitegemee picha iliyozunguka kwenye kundi la WhatsApp tangu mwaka juzi.

Wa pili ni ufadhili wa Jumuiya ya Madola, hasa ule unaochangiwa na serikali na vyuo. Huu unamlenga mtu ambaye asingeweza kujilipia, anayetoka nchi za kipato cha chini au cha kati cha chini ndani ya Jumuiya hiyo. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo. Ugumu wake ni kwamba si kila kozi ina nafasi. Chuo hutangaza kozi zake zinazoshiriki, nawe huomba mara mbili, chuoni na kwenye mfumo wa ufadhili, na maombi yako lazima yaguse maendeleo ya nchi yako kwa namna inayoonekana. Ukiandika juu ya faida ya benki tu utapita pembeni. Ukiandika juu ya dawa zinazooza stoo, umo njiani.

Upo pia ufadhili wa GREAT, ambao Wakenya wamekuwa wakifunguliwa. Unaanzia paundi 10,000 za kupunguza ada. Zinasikika nyingi mpaka uone kwamba kozi hizi kwenye shule kubwa za biashara hutoza wanafunzi wa nje paundi 30,000 na kuendelea, chakula na kodi bado. Nimeona watu wakishangilia punguzo kana kwamba wamelipiwa. Kabla ya kumwambia mama, piga hesabu ya kilichobaki.

Usifungwe na Uingereza peke yake. Mpango wa Ulaya wa Erasmus Mundus hulipa ada na posho ya euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24, na moja ya kozi zake inahusu usimamizi na uchanganuzi wa data kubwa, ikiongozwa kutoka Brussels. Hiyo inataka mtu aliyezama kwenye kompyuta, si karani wa ghala kama nilivyokuwa mimi. Ujerumani, shirika la ufadhili la DAAD lina orodha ya kozi za uzamili kwa watu wa nchi zinazoendelea wenye uzoefu wa kazi. Na karibu kabisa, Kigali kuna tawi la Carnegie Mellon, chuo cha Marekani, ambako Mastercard Foundation imekuwa ikigharimia wanafunzi wa Kiafrika. Huko Kigali pia kuna AIMS, taasisi ya hisabati yenye chimbuko Cape Town mwaka 2003. Mwanzilishi wake, mwanafizikia Neil Turok, aliishi Tanzania utotoni wazazi wake wakiwa uhamishoni, jambo ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka. Wasio na hamu ya ndege wapande boti: tangu mwaka 2023 IIT Madras ya India ina kampasi Bweleo, Unguja, na inafundisha sayansi ya data mpaka ngazi ya uzamili. Sisi tunapanga foleni ya viza, wenzetu wamehamisha darasa.

Nikirudi kwenye insha. Hapa ndipo watu huanguka, na wengi huanguka kwa kuandika Kiingereza kizuri.

Fanya hivi. Kabla hujaandika neno la Kiingereza, mtafute shangazi yako, au jirani anayeuza mkaa, umweleze kwa Kiswahili unachotaka kwenda kusoma na kwa nini. Usitumie neno "data" wala "teknolojia". Akikukatiza na kuuliza, "Sasa hiyo itamsaidia nani?", hapo ndipo insha yako inapoanzia. Mimi nilimweleza dada yangu hadithi ya giza la dagaa, akasema, "Kumbe! Ndiyo maana betri zinakuwa nyingi dukani kwa fulani." Nikajua nimefika. Ndipo nikaiweka kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, nikaitupa ile ya kwanza iliyojaa shauku.

Insha ya uongozi inawatesa wengi kwa sababu wanadhani kiongozi ni mwenyekiti. Wanaorodhesha vyeo: katibu wa darasa, kiranja wa bweni, mweka hazina wa chama cha wanafunzi. Mimi sikuwa na cheo. Nilieleza jinsi nilivyomshawishi bosi anayenizidi miaka thelathini abadilishe ratiba ya boti. Kwanza alinifukuza ofisini. Nikaenda kwa madereva na nahodha, nikawaonyesha daftari, wakaona kwamba safari zao za mbalamwezi ndizo zinazowarudisha na mzigo, bila posho ya mauzo. Wao ndio waliomwendea mzee. Tukajaribu giza moja, kisha la pili, na nikaandika katoni zilizorudi kabla na baada. Mtahini haoni cheo hapo. Anaona mtu aliyegonga ukuta akatafuta mlango, na anaona namba. Nawe eleza nani alikataa, ulifanya nini baada ya kukataliwa, na kitu gani kilipungua au kuongezeka. Kama hakuna aliyekataa, pengine hukuongoza chochote. Chagua tukio jingine.

Insha ya mahusiano vivyo hivyo. Usihesabu watu maarufu uliopiga nao picha kwenye makongamano. Nani ulimuunganisha na nani, kukatokea nini?

Kwenye mpango wa kazi kuna kishawishi cha kuahidi mbingu. Nimesoma rasimu za vijana wanaoahidi kuwa mawaziri, kufungua kampuni ya akili bandia ya Afrika nzima na kufuta umaskini, yote kabla ya mwaka 2035. Andika ngazi unayoweza kuikanyaga: mwaka wa kwanza baada ya kurudi nitafanya hili, kwa hawa, kwa sababu wana tatizo hili, miaka mitano nitakuwa hapa. Taja sekta, mji na aina ya taasisi. Na kama ufadhili unataka urudi nyumbani, usiandike mpango unaonuka Toronto. Wanaosoma maombi hayo wameshaona maelfu.

Swali la "kwa nini kozi hii" ndilo linalojibiwa kivivu kuliko yote. Chuo kuwa cha zamani si sababu, wala kuwa juu kwenye orodha za magazeti. Fungua ukurasa wa kozi, soma moduli moja moja, tafuta ile inayogusa daftari lako, na useme kwa nini. Kozi mbili zenye jina moja huweza kuwa ndugu wasiofanana hata pua: moja imejaa hisabati ya maamuzi na uigaji, nyingine ni masoko na usimamizi wenye kompyuta pembeni. Ulisoma biashara na hisabati yako imeota kutu? Angalia wanachodai, ujinoe mapema. Kozi moja ya takwimu uliyoimaliza na kuitumia kwenye data zako ina uzito kuliko vyeti ishirini vya mtandaoni vilivyopakuliwa usiku mmoja. Baadhi ya shule huomba mtihani wa GMAT, ambao sasa hufanywa kwa saa mbili na robo na una sehemu nzima ya kusoma data. Ada yake inakaribia dola 300, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba shule yako inautaka. IELTS, mtihani wa Kiingereza, nayo ni zaidi ya dola 200 na matokeo hudumu miaka miwili. Ukiwahi sana, yataisha muda kabla hujaitwa. Ukichelewa, siku ya kuyaonyesha itakukuta huna.

Mambo ya wadhamini wa kitaaluma yanataka adabu ya nyumbani. Usimtumie mhadhiri aliyekufundisha miaka minne iliyopita baruapepe ya mstari mmoja yenye kiungo. Hakukumbuki, na ataandika barua ya mtu asiyekukumbuka: "ni kijana mwenye nidhamu". Nenda ofisini kwake ukiweza. Nilikwenda, nikabisha hodi, nikasema, "Shikamoo Mwalimu, mimi ni yule wa mradi wa maghala." Akaniangalia kama anayesoma maandishi madogo. Nikatoa karatasi moja: kozi ninayoomba, alama zangu kwenye somo lake, mambo mawili niliyofanya tangu nihitimu, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu. Mambo yakawa mepesi kwake na kwangu. Mdhamini wa kazini awe mtu aliyekuona ukifanya kazi, hata kama cheo chake ni kidogo. Barua ya mkurugenzi asiyejua umekaa chumba gani haina msaada.

Hapo hapo chuoni, omba hati kamili ya matokeo yako. Usingoje uitwe. Kuna ofisi nchini mwetu ambapo karatasi hiyo huchukua siku tatu, na kuna ambapo huchukua majira mawili ya mvua.

Na majina, jamani, majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Juma Hamisi Juma, cha kidato cha nne Juma H. Said, cha chuo Juma Said Hamis. Kwetu hilo ni jambo la kawaida, kila mtu anakujua. Kwenye mfumo wa chuo cha Uingereza hao ni watu watatu. Panga vyeti vyako vyote mezani leo, ulinganishe herufi kwa herufi. Kama havifanani, kamuone wakili upate kiapo au hati ya kubadili jina, kisha pasipoti ifuate jina moja utakalosimama nalo. Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000, nayo usiombe wiki ya mwisho.

Kuna mtego mmoja ulionikosesha usingizi. Chuo kilinikubali mapema mwaka, kikanipa wiki kadhaa kulipa amana ili kunishikia nafasi, kwa kuwa kozi hizi hujaa haraka. Amana huweza kuwa paundi 1,000, 2,000, au zaidi. Majibu ya ufadhili yalikuwa bado miezi. Mjomba alikuwa tayari kuuza ng'ombe. Nikamwomba asubiri, nikawaandikia watu wa udahili: nimeomba ufadhili huu, huu hapa uthibitisho, majibu ni Juni, naomba kusogezewa tarehe. Walisogeza bila maneno mengi. Wengi hawajui kwamba jambo hilo linaombeka. Chuo kikikataa, ndiyo maana una kozi nyingine kwenye orodha. Ng'ombe abaki zizini.

Na asitokee mtu kukuuzia ufadhili. Wapo mawakala wanaodai laki kadhaa za "kushughulikia" Chevening au Madola. Kuomba huko hakulipiwi senti. Anayedai ana mtu ndani hana mtu ndani.

Ukiitwa usaili, kwa kawaida kati ya Februari na Aprili, jibu halikaririwi. Waliokariri hujulikana dakika ya pili, kwa jinsi macho yanavyopanda darini kutafuta aya. Mtafute rafiki asiyekuonea haya, akae mbele yako akukatize katikati ya sentensi, aulize "kwa nini?" mara tatu mfululizo, akuambie hakuamini. Mimi niliulizwa swali lililokaribia kuniangusha: kama tatizo lilikuwa mwezi, kwa nini bosi wako asinunue tu programu nzuri zaidi? Nikanyamaza kidogo. Nikasema programu alikuwa nayo, na ilikuwa inajumlisha vizuri. Asichokuwa nacho ni mtu wa kupanda boti akauliza. Mmoja wao akaandika kitu kirefu. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Ukishapata, kazi ya karatasi inaanza upya. Viza ya mwanafunzi inataka barua ya chuo yenye namba maalumu, na kwa wanaotoka nchi zetu kipimo cha kifua kikuu kwenye kituo kilichoidhinishwa, kwa hiyo mtu wa Mwanza au Kigoma aweke nauli ya kukifuata. Anayejilipia sehemu ya gharama lazima aonyeshe fedha zilizokaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka, na kwa nje ya London ni zaidi ya paundi 1,100 kwa kila mwezi wa masomo hadi miezi tisa. Hapo ndipo watu hukopa kwa shemeji, pesa ikae siku 25, shemeji akapata msiba, akaichukua. Siku 28 ni siku 28. Ada ya huduma ya afya kwa wanafunzi nayo ni paundi 776 kwa mwaka, hulipwa kabla hujapanda ndege. Mfadhili mkubwa hubeba hayo, aliyepata punguzo tu hubeba mwenyewe. Wenye familia wajue kwamba tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa uzamili wa darasani hawaruhusiwi kwenda na mke, mume au watoto. Zungumzeni hilo nyumbani kabla ya maombi, msije mkalizungumzia uwanja wa ndege.

Sherehe ya kuagwa isubiri viza. Nimeona kadi za mchango zimeshagawiwa, ukumbi umelipiwa, viza ikachelewa, msafiri akajifungia ndani mwezi mzima kwa aibu ya kuulizwa sokoni, "Bado hujaenda?" Na ukifika huko, waeleze ndugu mapema kwamba posho ya mwanafunzi imepimwa kwa tumbo moja na chumba kimoja. Hawataamini. Waeleze tu.

Jambo la mwisho ni dogo, nami nililijua kwa gharama. Kabla hujaondoka, omba ruhusa ya maandishi kwa mwajiri wako kutumia kumbukumbu zake kwenye tasnifu, maana chuo kitaiomba kabla hakijakuruhusu kugusa data za watu. Kisha piga picha kila ukurasa wa daftari lako, uzihifadhi sehemu mbili. Ruhusa niliipata. Picha niliona ni usumbufu. Februari, Leeds nilikokuwa nasoma imefunikwa ukungu, nikampigia mdogo wangu simu anitumie kurasa. Aliingia chumbani, akakaa kimya muda mrefu, akarudi kwenye simu.

"Kaka, la mwaka wa pili lipo. Lile la kwanza, mama alifungia vitumbua."